Mfuko wa Karatasi Chini ya Bahari

Vijana wa kwaya, mlipokuja kwangu na simu zenu mkitaka kunirekodi niseme nilifanya kazi gani Amerika, niliona mmekaa mkao wa kungoja habari za ghala. Siwalaumu. Hapa Reynoldsburg karibu kila mtu wetu amepitia ghala: amepakia, amepakua, amebandika karatasi kwenye maboksi, ameumwa mgongo, amestaafu. Nilikataa kurekodiwa kwa sababu mnakata maneno ya watu wazima na kuweka muziki juu yake. Nimeandika badala yake. Kaeni msome.

Mimi niliuza hewa.

Hewa hii hii mnayovuta bila kumshukuru mtu. Tuliivuta kwa mashine kutoka juu ya paa la duka, tukaichuja, tukaibana ndani ya mtungi wa chuma, tukamuuzia mtu ambaye ameingia dukani kifua kimemjaa hewa ile ile ya bure. Naye alitushukuru, akaubeba mtungi kwa shida mpaka kwenye gari, akaenda kuimalizia chini ya maji. Lilikuwa duka la vifaa vya kupigia mbizi. Kwa wasiojua jiografia, mji wetu wa Columbus hauna bahari. Ukitaka bahari ya karibu, unaendesha gari tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini duka halikukosa wateja hata siku moja.

Mahali walipokuwa wanazamia nilikuja kupaona baadaye. Ni shimo la zamani la kuchimbia mawe, limejaa maji ya baridi yenye rangi ya chai ya rangi. Chini kabisa wamezamisha basi la shule la manjano. Mtu mzima, ana cheo kazini, anavaa suti ya mpira inayombana mpaka macho yanamtoka, anashuka gizani akitetemeka, anakwenda kuliangalia basi. Akitoka anawaambia wenzake, "Nimeliona!" Watoto wa mdogo wangu walikuwa wanalipanda basi kama lile kila asubuhi, bure, nao wananuna.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Dweini, Mzungu wa Louisville, mwembamba, mwenye ndevu za mvi na kifua ambacho aliamini hakihitaji shati kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Alikuwa amezamia ujana wake wote mpaka masikio yakakataa. Kazi yangu ya kwanza pale ilikuwa kufagia. Siku moja aliniona nimenyanyua mtungi, nimeuweka kichwani, natembea nao huku mikono yote miwili imeshika ndoo.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unafanya kazi gani kwenu?"

"Kuchota maji."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mpaka ndege ilipokuja kutuchukua."

Kesho yake akaniweka kwenye mashine ya kujazia.

Kosa langu la kwanza ni la haraka. Nilidhani mtungi ni kama debe: fungulia, jaza, funga, mwingine. Jumamosi moja nilijaza mitungi ya watu kumi kabla Mzee Dweini hajamaliza kahawa yake, nikajiona shujaa. Jumatatu mteja mmoja, daktari wa meno, alirudi amevimba. "Mama huyu ameniibia hewa," akamwambia bosi wetu, Rendi, mbele yangu. "Mtungi ulikuwa umejaa hapa. Nilipofika kwenye maji, haukuwa umejaa."

Vijana, nimeshutumiwa mambo mengi kambini, lakini kuiba hewa ilikuwa mara ya kwanza. Nilijiuliza ningekuwa nimeificha wapi.

Mzee Dweini hakunitetea wala hakunigombeza. Alinishika mkono, akauweka juu ya mtungi niliokuwa najaza. Ulikuwa wa moto kama sufuria ya uji. Hewa ukiibana haraka inapata moto, na ikiwa ya moto inatanuka, mshale wa geji unapanda na kukudanganya kwamba umejaa. Mtungi ukipoa, mshale unashuka. Tangu siku ile sikuuangalia mshale peke yake. Nilijaza polepole, kiganja kimekaa juu ya chuma, kikipata moto nasubiri. Mkitaka kujua ufundi wangu wote wa miaka ile, ndio huo. Wakaanza kuniita fundi. Nilikuwa sijawahi kuitwa fundi na mtu. Niliacha shule darasa la tano kambini Kasulu, mkoani Kigoma, tulikokimbilia kutoka Burundi, mwaka ule baba na mama walipofariki kwa ugonjwa mmoja wakifuatana, nami nikabaki na mdogo wangu Konsolata wa miaka sita na Eliya wa kubeba mgongoni. Tangu hapo nimeitwa Dada. Fundi ni jina nililolipata kwa kujaza hewa.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia barua ya bima ilipokuja. Ilikuwa mwaka 2015. Kampuni ya bima ya duka ilisema kwamba mtu yeyote anayejaza mitungi lazima awe na kadi ya mzamiaji kabla kiangazi hakijaisha. Asiye na kadi haruhusiwi kugusa mashine. Rendi aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaniangalia kama mtu anayeangalia kiti atakachokiuza.

"Ukikosa kadi, Vera," akasema, maana Veneranda lilimshinda, "nitakuandikia barua nzuri ya kukusifu. Ghala wanaajiri."

Nikaanza kusomea mbizi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene, chenye picha za watu wanaocheka chini ya maji. Binti wa Konsolata, kule Louisville, alikuwa ananisomea kwa simu kila akitoka shule, nami namrudishia kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu. Kwenye mtihani wa kuandika nilipata alama zaidi ya alizopata daktari wa meno wakati wake. Kuogelea nilijifunza kwenye bwawa la jiji, saa ya akina mama, na sikufa.

Palipokataa ni kwenye miwani. Kuna zoezi moja huwezi kulikwepa. Unapiga magoti chini ya maji, unaivua miwani yote, unakaa bila kuona, unaivaa tena, unabana ukingo wa juu na kupuliza kwa pua mpaka maji yatoke. Mtoto wa miaka kumi analifanya. Mimi nilishindwa mara nne kwenye bwawa, mara mbili kwenye lile shimo la basi. Miwani ilikaa upande, mkanda ukanaswa na nywele, maji yakaingia puani, nikapanda juu nikikohoa kama trekta. Mzee Dweini alikaa ukingoni anatafuna kijiti, ananiangalia kwa jicho moja. 

Kila mwaka Rendi aliandaa safari ya wateja kwenda kisiwa kimoja kidogo cha Karibi. Aliiita safari ya wabana matumizi. Siri ya kisiwa kile ni kwamba huhitaji mashua. Barabara inafuata bahari, na kando yake kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, yameandikwa majina. Unaegesha gari kwenye jiwe, unavaa, unatembea mpaka maji yakufike kifuani, umefika. Akanipa nafasi: nipike, nibebe mitungi, naye atanipa mtihani wa mwisho kwenye maji ya vuguvugu. "Ukishindwa kule," akasema, "siwezi tena."

Jumapili baada ya ibada niliwapigia wadogo zangu wote wawili kwa pamoja, Konsolata Louisville na Eliya Buffalo. Eliya wakati huo alikuwa ametoka mtaa wa West Side, amehamia nyumba ya mtaa wa Kensington-Bailey, anafanya kazi kiwandani, na mdomo umemkua kuliko mwili.

"Dada, hebu rudia. Umepata uraia, umepata pasipoti. Safari yake ya kwanza inakwenda wapi?"

"Kisiwani."

"Wenzako wanakwenda Kigoma kuona watu. Wewe unakwenda kuona samaki."

"Angalau atawala," Konsolata akasema.

"Hawaliwi," nikasema. "Ni marufuku."

"Hata mmoja?"

"Hata kumgusa."

Eliya akasema: "Konso, muulize vizuri. Mimi huku mashine zinapiga kelele, labda masikio yangu yameharibika. Anapanda ndege kwenda kumtazama samaki asiyeliwa?"

"Ni kwa ajili ya kadi!" nikafoka. "Nikikosa kadi nimekosa kazi."

Hapo wakaacha kucheka. Konsolata akauliza taratibu, "Na mfuko wako, Dada?"

"Nitakwenda nao."

"Mpaka kwenye maji?"

"Konso, salimia watoto," nikasema, nikakata.

Sasa niwaambie kuhusu wabana matumizi, maana hao wanastahili kuandikiwa kitabu chao. Walikuwa wanane. Kila mmoja alikuwa na kamera ya chini ya maji yenye mikono na taa kama kaa, saa inayohesabu pumzi, na kisu cha mguuni cha kumpiga papa ambaye hayupo. Watu hao hao walibeba mkate wa Columbus ndani ya masanduku ili wasinunue mkate wa kisiwani. Walilala wanne chumba kimoja. Walivizia siagi ya karanga ya mwenzao. Daktari wa meno aliosha mfuko wa chai akauanika dirishani, na mimi niliyekulia kambini nikaona aibu kwa niaba yake. Niliwapikia ugali na maharage. Wakala wakasifu. Daktari aliuliza kama ugali una ngano. Nikamwambia hauna, akaongeza sahani mara tatu, akasema ni chakula cha afya. Kambini tuliula miaka ishirini bila kujua tunafuata ushauri wa daktari.

Asubuhi ya kwanza tuliegesha kwenye jiwe la manjano upande wa kusini, karibu na milima ya chumvi. Mtu wa Kigoma ukimwonyesha chumvi imelundikwa hivyo, anakumbuka Uvinza. Nilisimama nikatazama mpaka Rendi akapiga honi. Pale kuingia majini si mchezo. Ufuko wenyewe ni mwamba wa matumbawe, umechongoka kama meno, unateleza. Daktari wa meno alitangulia na mzigo wote mgongoni. Alipiga hatua tatu, akaanguka chali, akabaki pale anapunga miguu na mikono, mtungi umemzuia kugeuka. Wenzake walimpiga picha kwanza, ndipo wakamwinua.

Mimi nikachukua kanga yangu, nikaisokota nikatengeneza ngata, nikaweka kichwani, mtungi juu, nikavuka ule mwamba nikiwa nimenyooka mpaka maji yakanifika kiunoni. Nikarudi kuchukua wa pili. Siku ya pili watu wanne walikuwa wamesokota taulo. Siku ya tatu Waohio wanane walikuwa wanaingia Bahari ya Karibi kwa mstari mmoja wakiwa na mitungi vichwani, shingo zimewakakamaa, na watalii wa gari lingine wakasimama kuuliza ni dini gani. Tuliporudi Columbus, Rendi aliitundika ngata dukani kwenye ndoano, ya mpira mweusi, yenye jina refu la Kiingereza, kama kitu alichokiota yeye. Daktari wa meno alinunua mbili.

Lakini miwani ilinishinda siku ya kwanza. Siku ya pili ikanishinda tena. Maji yalikuwa ya vuguvugu, meupe, mchanga unaonekana kama sakafu ya nyumba, na mimi nilipanda juu nikikohoa vilevile. Rendi aliitazama saa yake. "Kesho, Vera. Kesho ndiyo ya mwisho."

Mzee Dweini alikuwa amekuja kulinda gari. Kisiwani kule watu wakishazama, wezi wanajua hawarudi kwa saa nzima, kwa hiyo waongozaji wanashauri uache gari wazi bila kitu ndani, ili wasikuvunjie kioo. Wabana matumizi hawakukubali kuacha mkate wao. Wakamweka mzee alinde sandwichi.

Siku ya tatu, wengine walipokuwa wanavaa, aliniita pembeni.

"Mkono wako wa kushoto una kazi gani?"

"Upi?"

"Huu. Nimekuangalia kwenye bwawa, nimekuangalia kwenye shimo, jana nimekuangalia kutoka hapa juu ya mwamba. Kila ukivua miwani unatumia mkono mmoja. Wa kushoto unaushika kifuani. Una ugonjwa wa moyo?"

Nikaivuta zipu ya suti mpaka shingoni.

"Vera. Kuna nini humo?"

Nilifungua zipu ya suti ya mpira kidogo, nikamwonyesha. Ulikuwa ule mfuko mweupe wa plastiki tuliopewa siku ya kupanda ndege kuja Amerika, tukaambiwa usiutoe shingoni mpaka ufike. Wengine walifika wakautoa. Mimi nilikuwa sijautoa. Niliufunga ndani ya mfuko mwingine wa friza, juu nikazungusha utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Ndani mlikuwa na pasipoti yangu mpya, cheti cha uraia na kadi ya hifadhi ya jamii.

Mzee Dweini alicheka mpaka akakaa chini. "Umezama na pasipoti! Ulidhani samaki watakuuliza viza?"

Kisha akaona nyuma ya pasipoti kuna kitu kingine, kadibodi ya kijivu iliyopasuka katikati, ikashonwa kwa uzi. Akaacha kucheka. "Na hii?"

Nikamwambia. Ni kadi ya posho ya kambini. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, asubuhi moja nilimwachia jirani kadi yetu aniwekee nafasi kwenye foleni ya chakula, niende kuchota maji. Niliporudi jirani hayupo, na kadi haipo. Mgao wa kwanza na wa pili ulipita kabla ofisi haijatuandikia nyingine, hii. Kila siku nilishinda mlangoni pa ofisi badala ya shule, na shule ikaishia hapo. Konsolata alikula majani ya maboga ya watu. Eliya alilia siku mbili, ya tatu akaacha, na kule kuacha ndiko kulikonitisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika karatasi zangu nikiwa siwezi kumwona.

Mzee akanyoosha mkono. "Lete."

"Hapana."

"Nimeaminiwa sandwichi za watu wanane."

"Sandwichi zinaliwa zikaisha. Hizi hapana."

"Rendi anakusubiri. Unataka mfuko au unataka kadi?"

Vijana, nilisimama pale juu ya ule mwamba na nilikuwa tayari kwenda ghala. Nawaambia kweli. Nilimtazama yule mzee asiye na shati, mwenye kijiti mdomoni, nikawaza jinsi alivyouweka mkono wangu juu ya mtungi wa moto badala ya kunigombeza. Nikautoa mfuko shingoni. Shingo ikawa nyepesi vibaya.

"Usiingie garini nao," nikasema.

"Siingii."

"Usiende chooni. Usisinzie. Usimpe mtu, hata Rendi. Kaa hapa hapa, nikitoka kichwa nikuone. Weka kifuani, mkono juu."

"Na nikipiga chafya?"

"Usipige."

Akakaa juu ya jiwe la manjano, akauweka mfuko kifuani, mkono juu yake kama mtoto wa shule anayeimba wimbo wa taifa.

Nikashuka. Tulipiga magoti kwenye mchanga, Rendi akanipa ishara. Niliinua mikono yangu, yote miwili, nikaona ajabu kwamba ninayo miwili. Nikaivua miwani. Dunia ikawa ukungu wa bluu, nikafumba macho, nikafanya nililolifanya kila wakati wa kuhesabiwa kambini: nikataja wangu. Konsolata. Eliya. Wapo. Nikairudisha miwani, mkanda ukakaa, nikabana ukingo kwa mikono yote miwili, nikapuliza kwa pua. Nilipofumbua macho, samaki mmoja wa manjano alikuwa ananitazama, hana haraka, anajua haliwi. Nyuma yake Rendi alikuwa anapiga makofi, na makofi chini ya maji hayana sauti.

Hapo ningepaswa kutoka. Lakini Rendi alifurahi, akanizungusha kwenye matumbawe na wengine. Na hapa ndipo miaka yangu ya maji ilinigeuka. Mtu aliyebeba ndoo kichwani kupanda mlima anajua kuvuta pumzi kidogo na kuitoa polepole. Daktari wa meno alimaliza mtungi wake akarudi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mimi mshale wangu ulikuwa hata haujafika nusu. Rendi, kwa kuwa alikuwa mbana matumizi kuliko wote, hakuweza kuvumilia hewa irudi ndani ya mtungi bila kutumika. Tukazunguka, tukazunguka tena.

Nilipotoa kichwa nje jua lilikuwa la utosi. Mzee Dweini alikuwa pale pale juu ya jiwe. Kivuli cha gari kilichokuwa kimemfunika asubuhi kilikuwa kimehama zamani, kimekaa hatua tatu nyuma yake, bila mtu. Kofia yake ilikuwa juu ya kiti cha gari, naiona kabisa. Uso, mabega na tumbo vilikuwa vyekundu kama nyanya zilizoiva kupita kiasi.

"Mzee! Kofia?"

"Iko garini," akasema, midomo imekauka. "Ulisema nisiingie."

"Ungeomba mtu!"

"Ningegeuka kumwita. Ulisema nikae hivi." Kisha akauliza, "Umepata?"

"Nimepata."

Ndipo akautoa mkono, akanipa mfuko. Pale kifuani, katikati ya ule wekundu wote, pamebaki mstatili mweupe, umenyooka pembe zote nne, wenye ukubwa wa karatasi zangu, na kutoka pembeni yake mstari mweupe wa mkono.

Aliumwa wiki nzima. Konsolata alimtumia kutoka Louisville mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda, na Eliya, yule mwenye mdomo, alimpigia simu akabaki anamwambia asante, asante. Dukani wateja walipomuuliza ile alama ni ya nini, aliwajibu kwamba ni pasipoti yake ya Burundi. Ilikaa kifuani pake mpaka theluji ya kwanza.

Nilijaza hewa miaka mingi baada ya pale, kiganja juu ya chuma, mpaka magoti yakakataa. Kadi yangu ya mzamiaji imo ndani ya mfuko, imelala juu ya ile ya posho. Mfuko wenyewe siku hizi unakaa kabatini, rafu ya pili, nyuma ya mashuka. Sasa mnajua ulipo, ninyi wote wa kwaya. Na juzi nilipokwenda ibadani sikurudi mlangoni kuhakikisha kama nimefunga kabati.

Haya, nilirudi mara moja tu.